Michezo ya video siku hizi haina mwisho, na hapo ndipo afya huumia

Katika kila mtaa na karibu kila ukoo, msomaji mpendwa, kuna mtu anayejulikana kwa kupenda kompyuta. Ndiye huitwa simu inapokwama, ndiye huombwa ushauri kabla ya runinga mpya kununuliwa, na ndiye hujua jina la kila mtambo unaoingia sokoni. Mlalamikie mtu huyu kwamba mtoto wako habanduki kwenye simu kwa sababu ya michezo, naye atakujibu papo hapo: "Mimi nilianza kucheza nikiwa darasa la nne na sikudhurika. Michezo ndiyo iliyonifundisha kompyuta, na kompyuta ndiyo inayonilisha. Dunia inabadilika, mwache mtoto."

Upande wa pili wamesimama wazazi wengi wanaoamini kwamba michezo ya video ni sumu tupu, kwamba inaharibu ubongo na kupofusha macho, na kwamba dawa yake ni kuitupa simu chooni.

Wiki hii tutaipima rai ya mpenzi wa kompyuta kwa mizani ya tiba. Tutaona kwamba anasema kweli katika mambo kadhaa, na kwamba kosa lake ni moja tu, ila ni kubwa. Ushahidi anaoutoa ni wa mashine za zamani, na mashine za zamani zilikuwa na kitu ambacho nyingi za leo zimekipoteza. Zilikuwa na mwisho.

MASHINE ILIYOKUFUKUZA

Mojawapo ya michezo ya kwanza kabisa ya video ilitengenezwa mwaka wa 1958 na mwanafizikia William Higinbotham katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, Marekani. Ilikuwa tenisi ya watu wawili iliyochezwa kwenye kioo kidogo cha chombo cha kupimia umeme, na lengo lake lilikuwa kuwaburudisha wageni waliokuja kuitembelea maabara. Mgeni alicheza, akacheka, akampisha mwenzake.

Biashara ilipoingia, mambo hayakubadilika sana. Mwaka wa 1972 kampuni ya Atari ilitoa Pong, mashine iliyowekwa mabaani na kuchezwa kwa sarafu. Zikafuata Space Invaders mwaka wa 1978 na Pac-Man mwaka wa 1980, zote kutoka Japani. Mwenye mashine hizi alitaka mchezaji ashindwe haraka ili sarafu nyingine iingie. Mchezaji alipewa nafasi chache, zikiisha mchezo umekwisha. Hata bingwa wa Pac-Man alikuwa na mwisho wake, kwani alipofika hatua ya 256, hesabu ya mashine ilivuka kikomo chake, nusu ya skrini ikajaa herufi na alama zisizoeleweka, na hakuweza kuendelea.

Wengi wenu mnakumbuka pia vile vijimashine vya mkononi vya matofali yanayoanguka, vilivyoenea nchini katika miaka ya 1990. Betri zilipoisha nguvu, mchezo ukaishia hapo, na si kila mama alikubali kutoa pesa za betri nyingine. Kisha simu ya Nokia 6110 ikaja mwaka wa 1997 na mchezo wa nyoka. Nyoka alikuwa mrefu kadiri alivyokula, mpaka akajigonga mwenyewe. Mchezaji alitia simu mfukoni akaendelea na shughuli zake.

Huo ndio utoto anaoukumbuka mpenzi wetu wa kompyuta. Mashine yenyewe ilimfukuza.

MASHINE INAYOKUSHIKILIA

Tazama sasa mabadiliko yaliyotokea. Michezo mingi ya simu hupatikana bure, na kampuni hupata pesa zake baadaye, kutokana na matangazo na vitu vidogo vidogo vinavyouzwa ndani ya mchezo. Kampuni inayopata pesa kwa njia hii haina haja ya mchezaji kushindwa aondoke. Faida yake ni abaki, na kesho arudi.

Kwa hivyo mbinu zimebuniwa. Mchezaji hupewa zawadi kwa kufungua mchezo kila siku, na akikosa siku moja hupoteza alichokuwa amelimbikiza. Simu hulia kumkumbusha. Katika Candy Crush, mchezo uliotoka mwaka wa 2012, mchezaji huwa na nafasi tano, na akizimaliza hungoja nusu saa kupata nyingine moja, au alipe ili asingoje. Katika Fortnite, ulioanza mwaka wa 2017, watu mia moja hucheza kwa pamoja kupitia intaneti. Mtoto hawezi kuusimamisha mchezo huo aende mezani, kwa kuwa wenzake wako ndani wanaendelea. Mechi ikiisha, nyingine inangoja kwa kubonyeza mara moja tu.

Mbinu ya hatari zaidi ni ile ya masanduku ya bahati. Mchezaji hulipa bila kujua sanduku lina nini ndani. Mara nyingi hupata kitu hafifu, mara moja moja hupata kitu cha thamani. Zawadi isiyotabirika humfanya binadamu arudie tendo lile lile bila kuchoka, na mashine za kamari zimejengwa juu ya udhaifu huo huo. Ubelgiji iliyatazama masanduku ya aina hiyo mwaka wa 2018 na kuamua kwamba yanayolipiwa ni kamari.

MPENZI WA KOMPYUTA ANASEMA KWELI WAPI?

Kabla hatujataja madhara, tumpe mwenzetu haki yake. Mwaka wa 2007, jarida la tiba la Archives of Surgery lilichapisha utafiti kuhusu madaktari 33 wa upasuaji wa Marekani. Waliwekwa kwenye mazoezi ya upasuaji wa tundu dogo, ambapo daktari hutazama skrini huku mikono yake ikiongoza vyombo. Waliowahi kucheza michezo ya video kwa zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 na walimaliza kwa kasi zaidi kwa asilimia 27, wakilinganishwa na ambao hawakucheza kabisa. Utafiti huu ni mdogo, na hauthibitishi kwamba michezo ndiyo iliyowapa wepesi huo. Huenda wenye mikono mepesi ndio waliopenda michezo. Lakini unatosha kumnyamazisha anayesema michezo hii haina faida yoyote.

Isitoshe, mwezi wa Juni mwaka wa 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mchezo uitwao EndeavorRx kuandikwa na madaktari kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la kukosa utulivu wa fikira. Hata mchezo huo huchezwa kwa kipimo, kama dawa nyingine zote.

Zingatia pia kwamba madaktari hao walihesabiwa saa tatu kwa wiki. Watoto wengi wa leo huzimaliza saa hizo Jumamosi kabla ya chakula cha mchana.

MWILI UNAVYOUMIA

Tuanze na mikono. Mwaka wa 1990 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari za mwanamke wa miaka 35 aliyepata maumivu makali ya kidole gumba cha mkono wa kulia baada ya kucheza mchezo wa Nintendo kwa saa tano mfululizo. Kano za kidole zilikuwa zimevimba kwa kubonyeza kupita kiasi. Leo kidole gumba kinafanya kazi hiyo hiyo kwenye kioo cha simu. Maumivu upande wa kifundo cha mkono, karibu na mzizi wa gumba, ni onyo. Pumzisha mkono kwa siku kadhaa. Yasipopoa, nenda ukapimwe.

Pili ni macho. Tunapokodolea skrini hatupepesi kope kama kawaida, na jicho lisilopepeswa hukauka, likawasha na kuwa jekundu. Vilevile msuli mdogo ulio ndani ya jicho hujikaza ili kuona kitu cha karibu, na ukikazwa kwa muda mrefu huleta uchovu, ukungu na maumivu ya kichwa. Mambo hayo hupita ukipumzika. Lisilopita ni lile la mboni ya mtoto kukua ikawa ndefu kuliko kawaida, akashindwa kuona ubao. Kazi nyingi za karibu na kukaa ndani vimehusishwa na tatizo hili. Katika mji wa Guangzhou, Uchina, watafiti waliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015. Baada ya miaka mitatu, walioshindwa kuona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule hizo, na asilimia 39.5 katika shule zisizoongezewa muda. Mwanga wa nje ni kinga, na sisi tunaupata bure mwaka mzima.

Tatu ni kifafa. Tarehe 16 Desemba 1997, watoto wengi nchini Japani walikuwa wakitazama katuni ya Pokémon, iliyotokana na mchezo wa video. Katika onyesho moja taa nyekundu na za buluu zilimetameta kwa kasi, na watu 685 wakapelekwa hospitalini, baadhi yao wakiwa na degedege. Mwanga wa kumetameta hausababishi kifafa kwa kila mtu. Katika kila watu 100 wenye kifafa, takribani watatu ndio ambao mwanga wa aina hii huwaamshia ugonjwa, na wengi wao ni watoto na vijana. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kutojua yumo miongoni mwao mpaka siku ya kwanza. Kwa hivyo mtoto asicheze gizani, wala asiusogelee mno uso wa runinga. Akiona macho yanacheza au kichwa kinamzunguka, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeukia kando.

Akianguka kwa degedege, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye, mwekee kitu laini chini ya kichwa, na mtetemo ukipungua mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimshike kwa nguvu. Tazama saa. Ukipita muda wa dakika tano kabla degedege halijakoma, mkimbize hospitalini. Hata likikoma mapema, mtoto aliyeshikwa kwa mara ya kwanza lazima aonwe na daktari.

USINGIZI NDIO HASARA KUBWA

Katika madhara yote, linaloumiza watoto wengi zaidi halina kishindo, nalo ni kukosa usingizi. Mwanga wa skrini usiku huupa ubongo habari ya uongo kwamba bado ni mchana, na homoni ya melatonini inayoleta usingizi huchelewa kutoka. Juu ya hayo, mchezo wenyewe huupandisha moyo mbio. Mtoto anayetoka vitani hawezi kusinzia mara moja, hata kama vita hivyo ni vya kioo.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Kijana wa sekondari anayerudi nyumbani kila jioni huamka saa kumi na moja alfajiri ili asikose basi. Akicheza mpaka saa sita usiku, amelala saa tano. Amekosa saa tatu kwa uchache, na kwa siku tano za shule amekosa saa 15. Huo ni karibu usingizi wa siku mbili nzima. Kijana huyu husinzia darasani, hukasirika upesi, husahau alichosoma, na hula vitu vitamu ili kujitia nguvu. Mwalimu humwita mvivu. Kumbe ni mchovu.

Hapa ndipo rai ya "mimi sikudhurika" inapokosa nguvu. Yeye alilala kwa sababu betri zilikwisha.

JE, NI UGONJWA?

Wazazi huniuliza kama kupenda michezo ni uraibu. Shirika la Afya Duniani limelijibu swali hili. Katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, kucheza michezo ya video kupita kiasi kumetajwa kuwa ugonjwa, lakini kwa masharti. Lazima mambo matatu yaonekane. Kwanza, mchezaji hawezi kujizuia. Pili, mchezo umetangulia mambo mengine yote, chakula, masomo, marafiki na kazi. Tatu, anaendelea ingawa anaona wazi unavyomharibia maisha. Na kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa muda wa miezi 12 hivi.

Kwa hivyo mtoto anayenuna unapomnyang'anya simu si mgonjwa, ni mtoto. Lakini kijana aliyeacha mpira, aliyeacha kuoga, anayeiba pesa za kununulia vitu vya mchezo, na ambaye alama zake zimeporomoka kwa mwaka mzima, huyo anahitaji msaada. Usimchape. Mara nyingi chini ya mchezo kuna jambo jingine, kama vile huzuni, woga, au mateso shuleni, na mchezo ni mahali pa kujifichia. Mpeleke kwa daktari wako au kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti. Tiba yake kubwa ni mazungumzo na mshauri, na familia nzima hushirikishwa.

SERIKALI ZILIZOJARIBU

Nchi kadhaa zimejaribu kurudisha mwisho kwa nguvu ya sheria. Korea Kusini ilianza mwaka wa 2011 kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kucheza kwenye intaneti kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sheria hiyo iliondolewa mwanzoni mwa mwaka wa 2022. Michezo ilikuwa imehamia kwenye simu, na sheria ilikuwa imewalenga wenye kompyuta. Uchina iliamuru mwaka wa 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze kwenye intaneti saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Nchini Marekani, kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali Desemba 2022 kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja walionaswa na vitufe vilivyopangwa kwa namna ya kuwafanya wanunue bila kukusudia.

Linalodhihirika ni kwamba teknolojia hukimbia kuliko sheria. Mzazi asingoje serikali.

WEWE UWEKE MWISHO

Wahenga walisema lenye mwanzo halikosi mwisho. Mashine imeukataa msemo huo, basi wewe uurudishe nyumbani kwako. Fanya hivi:

1. Hesabu mechi, usihesabu dakika. Ukimwambia mtoto "dakika kumi zimeisha" akiwa katikati ya mechi, utazua ugomvi. Mkubaliane kabla hajaanza: mechi mbili, kisha simu irudi kwako. Vibanda vya michezo mitaani vinalijua jambo hili. Mtu hulipia mechi, ikiisha humpisha aliye kwenye foleni.

2. Simu zote, pamoja na yako wewe mzazi, zilale sebuleni. Michezo ikome saa moja kabla ya kulala. Hii ndiyo kanuni moja ambayo ningekuomba uishike hata ukiziacha nyingine zote.

3. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe skrini ya kuchezea. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na kupungua ni bora. Huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2019.

4. Nje kwanza. Mtoto acheze juani, akimbie, arushe mpira, kabla ya kushika simu. Akiwa kwenye skrini, kila baada ya dakika 20 ainue macho atazame kitu cha mbali kwa muda mfupi na kupepesa kope.

5. Zima milio ya michezo kwenye simu, na usimpe mtoto nambari yako ya siri ya pesa za simu. Mchezo wenye masanduku ya bahati ya kulipia usiingie nyumbani mwako.

6. Kaa naye ucheze mara moja moja. Utajua anacheza nini na nani, na utaona kwa macho yako kama mchezo huo una mahali pa kusimama. Mchezo wenye hatua zinazoisha, au hadithi inayofika tamati, ni bora kuliko usiokoma.

Na wewe mpenzi wa kompyuta unayesoma makala haya, una kazi katika jambo hili. Wazazi wengi hawajui jinsi ya kufunga manunuzi kwenye simu wala kuweka kikomo cha muda, na wewe unajua. Dada yako akikulalamikia juu ya mwanawe, usimwambie tu kwamba dunia inabadilika. Chukua simu hiyo, ifungue kwenye mipangilio, umwekee kikomo kabla hujaondoka.